Mnanunua Weusi, Hamnunui Barabara

Wacha niseme kitu ambacho kitanikosanisha na watu, wakiwemo wenzangu wa kutengeneza video. Lami nyingi inayomwagwa siku hizi kwenye njia za mageti na barabara za ndani za esteti, kuanzia Kitengela hadi Isinya, Athi River hadi Joska, si barabara. Ni rangi. Ni weusi unaouzwa kwa mita, unapigwa picha siku ya kwanza, halafu unaliwa na mvua ya kwanza yenye hasira.

Usiniulize kama mimi ni injinia. Si injinia. Lakini pesa inayotoka ni yetu, tena si kidogo. Ni mkopo wa Sacco. Ni akiba ya mzee aliyestaafu akanunua ploti yake ya hamsini kwa mia. Ni mchango wa nyumba kwa nyumba ambao mama wa kamati alizunguka na kitabu akiukusanya hadi akachukiwa. Mtu akitoa pesa kama hiyo ana haki ya kuuliza chini ya ule weusi kuna nini. Hilo swali ndilo hatuulizi, na kuna watu wanajenga maghorofa kwa sababu hatuliulizi.

Video za jangwani

Umeziona. Jamaa wa Arizona ama New Mexico anafagia njia ya gari mbele ya nyumba yake, anamwaga kitu cheusi kutoka kwa ndoo, anakisambaza kwa brashi pana, na njia iliyokuwa ya kijivu inang'aa kama kiatu cha askari. Sekunde arobaini, muziki mtamu, na watazamaji wengi kuliko watu wa kaunti nzima. Sasa hapa kwetu zimezaa watoto. Kila wiki naona mwenzangu amesimama kwenye ploti fulani, drone iko juu, anasema "tumebadilisha hii compound kwa siku moja tu". Siku moja, wasee. Kuku wa kienyeji anachukua muda mrefu zaidi kuiva.

Zile video za Marekani zenyewe hazidanganyi. Chukua mji wa Albuquerque, New Mexico. Uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwenye nchi kavu ya juu. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 300, na jua linawaka siku nyingi za mwaka. Sasa kumbuka lami ni nini: ni mawe na gundi. Kwa uzito, karibu asilimia 95 ya lami ya moto ni kokoto na mchanga, na karibu asilimia 5 ndiyo bitumeni, ile gundi nyeusi. Jua, joto na oksijeni huzeesha ile gundi. Inakauka, inakuwa ngumu, na badala ya kunyumbuka gari linapopita, inapasuka. Ndiyo maana lami ya zamani hugeuka kijivu na kokoto zikaanza kuchomoka.

Halafu kuna baridi ya usiku wa kipupwe huko kwao. Maji yaliyojificha ndani ya ufa yanaganda, na maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Ufa unasukumwa kutoka ndani hadi unakuwa mpana. Kwa hivyo mtu wa Albuquerque anaziba nyufa kabla ya baridi kufika, na baada ya miaka kadhaa anapaka kifuniko kipya ili jua lisiimalize gundi. Kwake hiyo kazi ina maana, kwa sababu chini ya ile lami kuna tabaka nene la kokoto lililoshindiliwa, na chini yake ardhi iliyotayarishwa. Anapaka losheni kwa mtu mwenye mifupa yake kamili.

Sisi tumechukua losheni tukaacha mifupa.

Jua tunalo, hilo sikatai. Tambarare hizi ziko mita 1,500 na zaidi juu ya bahari, tena karibu na ikweta, na miale ya UV huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Lami ya Kitengela inachomeka kwelikweli. Lakini baridi ya kugandisha maji hatuna. Tuna kitu kingine ambacho hakionekani kwa drone, na ndicho kinachotumaliza.

Nyumba mnachimbia mwamba, barabara je?

Kila mtu aliyejenga kule anajua kuhusu black cotton, ule udongo mweusi unaonata. Hata mabroka wa ploti wanaujua. Ukiona tangazo limeandikwa kwa majivuno kwamba ploti iko kwa udongo mwekundu, jua ni kwa sababu ya ule mwingine. Udongo mweusi ni mfinyanzi unaokunywa maji na kuvimba, halafu ukikauka unasinyaa na kupasuka. Nenda shambani Februari utaona nyufa ambazo mtoto anaweza kutumbukiza mguu. Rudi Aprili utapata zimejifunga na gari lako limekwama hadi ekseli.

Ndiyo maana ukijenga nyumba kule, fundi hakubali kuanza msingi juu juu. Anachimba, anatoa ule udongo, anaenda chini hadi apate mwamba ama ardhi ngumu, na malori yanaubeba kuutupa mbali. Watu wanalia na gharama lakini wanalipa, kwa sababu wote wameona nyumba ya jirani iliyopasuka kutoka dirishani hadi sakafuni.

Sasa niambie. Nyumba ikiisha, mtu huyohuyo, kwenye ploti hiyohiyo, kwa udongo uleule, anamwita kontrakta wa lami. Kontrakta anakwangua nyasi, anamwaga murram nyembamba, anapitisha rola mara mbili, analaza lami ya unene wa vidole viwili, anachukua pesa, anaenda. Kwani huu udongo uliogopwa na nyumba umekuwa mtakatifu ukifika getini?

Haujabadilika. Mvua ikinyesha, maji yanaingia kutoka pembeni na udongo wa kingo unavimba. Ule wa katikati umefunikwa, unabaki kama ulivyo. Kiangazi kikija, kingo zinasinyaa na katikati hapasinyai sana. Lami iko juu, imelazwa kama chapati juu ya mtu anayegeukageuka usingizini. Ukitaka ushahidi, tembea kwenye barabara yoyote ya ndani iliyowekwa juu ya udongo huo bila matayarisho. Utaona ufa mrefu unaofuata ukingo wa barabara, sambamba nao, kama mtu aliuchora kwa rula. Huo ufa haukuletwa na jua. Umeletwa na ardhi inayocheza chini, na hakuna ndoo ya rangi nyeusi duniani inayoweza kuituliza.

Maji yakipata ule ufa, kazi imeisha. Yanashuka, yanalainisha murram, magari yanapita juu yake, na zinatokea nyufa ndogo ndogo zilizoshikana kama ngozi ya mamba. Ukiona ngozi ya mamba, acha kufikiria kupaka kitu. Pale pamekufa kutoka chini. Panachimbwa, panajazwa upya tabaka kwa tabaka, ndipo lami irudi.

Lori la maji ndilo mgeni rasmi

Wenye esteti hupenda kuniambia, "Lakini hapa ni magari madogo tu, hatuhitaji barabara nzito." Buda, unakunywa maji gani?

Esteti nyingi za tambarare hizi hutegemea maji ya lori. Boza la lita 10,000 limebeba tani 10 za maji peke yake, bado hujahesabu lori. Halafu linakuja lile la kunyonya choo. Halafu jirani anajenga, analetewa mawe, kokoto na simiti. Hawa ndio wageni rasmi wa barabara yenu, na wanakuja kila wiki.

Kati ya 1958 na 1960, Wamarekani walifanya jaribio kubwa karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois. Walijenga barabara za majaribio, wakazipitishia malori ya uzito tofauti mchana na usiku hadi zikaharibika. Kanuni iliyotoka pale bado inatumiwa na mainjinia: uharibifu hukua kwa takriban nguvu ya nne ya uzito wa ekseli. Yaani ukiongeza uzito wa ekseli mara mbili, uharibifu unaongezeka karibu mara 16. Ekseli ya nyuma ya lori ikiwa na uzito mara 10 ya ile ya gari ndogo, hesabu inakupa mara 10,000. Lori moja la maji kupita mara moja ni sawa na Vitz ya jirani kupita mara maelfu. Sasa mtu anakuuzia lami "ya magari madogo" na mlango wa kuingilia ni mmoja kwa wote.

Na hilo lori halileti uzito peke yake. Linavuja. Pale linaposimama kujaza tangi, mpira unamwaga maji palepale kila wiki, kwenye ukingo uleule, juu ya udongo unaovimba. Ongeza bomba la paa la nyumba linalomwaga mvua yote barabarani. Ongeza nyasi nzuri zilizopandwa kando ya lami na kumwagiliwa kila jioni. Ongeza dizeli inayodondoka, ambayo huyeyusha bitumeni. Mnaiua wenyewe, halafu mnalaumu jua.

Nani anakula hapa

Wa kwanza ni kontrakta wa weusi. Huyu anajua mteja ananunua kwa macho. Anapunguza mahali ambapo macho hayafiki: murram, rola, na ile lami nyepesi ya kunyunyizia kwanza ili tabaka la juu lishikane na la chini. Anapunguza unene pia. Lami ya moto hulazwa ikiwa na joto la karibu nyuzi 150, na inatakiwa iwe imeshindiliwa kabla haijashuka hadi kwenye nyuzi 80 hivi. Ukiilaza nyembamba kama karatasi, na upepo wa tambarare ukivuma, inapoa kwa dakika chache. Rola ikifika inabembeleza mawe baridi. Ile lami itabaki na matundu, maji na hewa zitaingia, na itazeeka kabla ya wakati. Lakini siku hiyo ni nyeusi, na kwa picha huwezi kutofautisha.

Kwenye korti ninayolipa kodi, nyumba 24 zilichanga elfu thelathini kila moja. Hiyo ni shilingi 720,000. Kamati ilipata kotesheni tatu, ikachagua ya chini kabisa, kazi ikaisha wikendi moja ya Septemba. Mvua ya Novemba ikaja. Kufikia Januari ukingo wa upande wa chini ulikuwa umekatika kama biskuti iliyochovywa chai, na pale lori la maji husimama palikuwa na bonde. Kontrakta alipopigiwa simu alikuja haraka sana, tena kwa heshima zote, na kotesheni mpya: kupaka tena kifuniko cheusi "kufunga hizo nyufa". Alitaka kutuuzia dawa ya kuficha ugonjwa aliotuuzia. Mzee mmoja pale, mstaafu, alimuuliza, "Kijana, utapaka hewa?" Kwa sababu chini kulikuwa kumebaki hewa tu.

Wa pili ni wauzaji wa ploti na nyumba. Lami kwao ni kitu cha brosha. Inapaswa kuishi hadi mnunuzi wa mwisho alipe, basi. Mtaro haupigwi picha, kalvati haina likes, kwa hivyo havipo. Halafu esteti inakabidhiwa wakazi na barabara iliyo na miezi kadhaa ya kuishi, na wakazi wanaanza kuchanga.

Wa tatu ni sisi. Ndiyo, sisi wenye simu na drone. Tunapewa pesa ya tangazo, tunakuja siku lami bado ina moshi, tunasema "ona hii kazi safi", tunaenda. Nani kati yetu amerudi baada ya mvua mbili na kamera ileile? Tunachukua imani ya watu wanaotufuata na kuikodisha kwa mtu ambaye kazi yake hatujaipima hata kwa rula ya shule. Ukitangaza krimu ya ngozi inayochoma watu utashambuliwa, na ni haki. Mbona kutangaza barabara inayokula akiba ya watu 24 iwe ni hustle tu?

"Lakini..."

Nishasikia majibu, kwa hivyo tuyamalize hapahapa.

"Huku ni kukavu, mitaro ni ya nini?" Kukavu haimaanishi hakunyeshi. Inamaanisha mvua inakuja kidogo kwa siku lakini nyingi kwa saa, juu ya ardhi iliyokauka hadi ikawa ngumu. Waliokuwa Kitengela na Athi River wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei 2024 wanakumbuka kama tambarare kavu huwa haina maji. Hata bila mafuriko, mvua moja ya alasiri inatosha kugeuza njia ya geti kuwa mto, kama mto haukupewa mahali pengine pa kupita.

"Basi tuweke kabro." Kabro ni nzuri, na ina faida moja kubwa: ikizama unaing'oa, unarekebisha chini, unairudisha ileile. Lakini ukiilaza juu ya udongo mweusi bila matayarisho itapanda na kushuka kama godoro la bweni. Mjadala wa lami dhidi ya kabro ni mjadala wa viatu wakati mguu umevunjika.

"Hatuna pesa ya kuchimba." Hili ndilo jibu ninaloliheshimu, kwa sababu ni la ukweli. Lakini lisikilize vizuri. Kama hamna pesa ya kufanya chini, hamna pesa ya kufanya juu. Pesa ile inayotosha lami mbovu inatosha murram nzuri: udongo mbaya umetolewa pale pabaya zaidi, tabaka zimeshindiliwa moja moja, mgongo wa barabara umeinuliwa katikati, mitaro pande zote mbili. Iacheni ipite msimu mmoja wa mvua. Itawaonyesha yenyewe pale ambapo ni dhaifu, na kurekebisha murram ni rahisi. Lami ije mwaka unaofuata. Najua murram haina sherehe ya kukata utepe. Ina vumbi, na mama mwenye nguo kwa kamba hataipenda. Lakini vumbi linafutwa. Mkopo wa barabara ambayo haipo haufutiki.

"Wewe unaharibia vijana kazi." Hapana. Kuna vijana wanaojua hii kazi, wenye rola ya kweli na wanaopima joto la lami kabla ya kuilaza, na wanakosa kazi kila siku kwa sababu bei yao ina mawe ndani na ya mwenzao ina rangi. Hao ndio ninaowapigania.

Kabla hamjatuma pesa

Kwa hivyo kamati, mzee wa korti, mwenye ploti, kabla hujaingiza PIN ya M-Pesa, dai haya.

Dai kujua udongo. Maabara za kupima udongo ziko Nairobi, za serikali na za binafsi. Injinia apime, aseme utolewe kiasi gani, ama kama unaweza kuchanganywa na chokaa, ambayo hupunguza ule uvimbaji. Kiasi cha chokaa kitoke kwenye kipimo, kisitoke kinywani mwa kontrakta.

Dai kusajiliwa. NCA, ile mamlaka ya ujenzi iliyoundwa kwa sheria ya 2011, husajili wakandarasi kwa aina ya kazi. Wa nyumba si wa barabara. Uliza cheti, kisha hakikisha mwenyewe.

Dai unene kwa maandishi, na uwe ni unene baada ya kushindiliwa, si kabla. Njia ya geti ya nyumba moja kwa kawaida hutaka kama milimita 50 hadi 75 za lami, juu ya msingi wa kokoto wa milimita 150 hadi 200, na pale lori linapopita zaidi ya hapo. Siku ya mwisho mkate kipande kidogo ukingoni mkipime kwa rula. Kontrakta mzuri atawashikia rula.

Dai jaribio la lori. Kabla lami haijaja, murram ikiwa tayari, muite lori la maji likiwa limejaa, lipite polepole kutoka geti hadi mwisho. Mtembee nyuma yake. Mahali ardhi itanesa ama tairi litaacha bonde, kazi irudiwe. Maji mlikuwa mnunue hata hivyo.

Dai mteremko. Sentimita mbili kwa kila mita zinatosha kuondoa maji juu. Kazi ikiisha mwaga ndoo tatu za maji, uangalie yanaenda wapi. Yakikaa, mtu hajamaliza kazi. Yakienda kwa msingi wa nyumba ya jirani, mmeanza kesi.

Dai kingo zishikiliwe kwa mawe ama zege, kwa sababu ukingo usioegemea kitu ndio hukatika kwanza. Na mshikilie sehemu ya malipo, mara nyingi huwa asilimia 10, hadi msimu mmoja wa mvua upite. Aliye na imani na kazi yake hataogopa wingu.

Baada ya hapo ndipo tuongee matunzo, na matunzo ya kweli hayana muziki. Mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli, tembea barabara yako na sarafu mkononi. Ufa ambao sarafu inaingia wima unasafishwa vumbi na majani hadi ndani, unakaushwa, unajazwa lami ya kuzibia. Mitaro inazibuliwa. Bomba la paa linageuzwa. Lori la maji linapewa mahali pa kusimama penye zege. Ikifika siku lami imegeuka kijivu na kokoto zinaonekana, lakini chini bado ni imara, hapo ndipo kifuniko cheusi kina kazi yake halali dhidi ya jua letu. Hata hapo usikipake kila mwaka kama Krismasi; tabaka likizidi hupasuka na kubanduka lenyewe. Na soma ndoo ina nini. Mji wa Austin, Texas, ulipiga marufuku vifuniko vya lami ya makaa ya mawe mwaka 2006 kwa sababu ya sumu iliyokuwa ikioshwa na mvua hadi mitoni. Usiagize kwa meli kitu ambacho wenyewe wamekikataa.

Hizo zote ni kazi za jembe, ufagio, rula na macho. Hakuna hata moja inayong'aa.

Na kwa wenzangu wenye drone: nawapa changamoto. Rudini mahali mlipotangaza miaka miwili iliyopita. Msipige picha kutoka juu. Pigeni magoti ukingoni, mwonyeshe ufa, mwonyeshe unene, muulize mwenye nyumba alilipa ngapi. Kama kazi imesimama, mtajeni fundi huyo kwa sauti, anastahili wateja. Kama imekufa, futeni lile tangazo.

Wewe msomaji, peleka hii kwa grupu ya WhatsApp ya korti yenu kabla mchango haujafungwa. Mwenyekiti akikasirika, muulize swali moja tu: mzee, chini kuna nini? Akianza kukueleza vile itakavyokuwa nyeusi, kaa na pesa yako.